Pete ya M na J

Ndani ya pete niliyoivaa ninapoandika haya kulikuwa na maandishi mafupi: M – J 14-6-1931. M simjui, J simjui. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameshafariki wote. Pete ilikuwa imetupwa kwenye bakuli pamoja na vifungo vya shati, funguo zilizopoteza makufuli yake na hereni moja moja zisizo na wenzake. Nilikuwa na umri wa miaka 26, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda kutafuta kiti.

Nilipoijaribu ilinipwaya. Nikaivua na kuielekeza dirishani nione kama ndani ina muhuri wa dhahabu, ndipo nikaona mikwaruzo iliyokaa kwa mpangilio. Nikaizungusha polepole. Herufi moja, kistari, herufi nyingine, kisha tarehe. Nilijisikia kama mtu aliyesukuma mlango wa chumba akidhani hakina watu, akakuta wawili wameketi karibu karibu wakizungumza kwa sauti ya chini. Kiti sikukinunua. Nilitoka nimeifumbata pete kiganjani, na njia nzima nikawa najiuliza watu hawa walikuwa na umri gani mwezi wa sita wa 1931, na ni nani kati yao aliyeivua kwa mara ya mwisho.

Wakati ule sikujua lolote kuhusu vito. Nilichokiona kwa macho ni kwamba pete haikuwa na unene mmoja. Juu ina ua dogo lililochongwa, na hapo dhahabu bado ilikuwa imara. Upande wa chini, ule unaokaa kiganjani, ulikuwa umelika hadi kuwa mwembamba kama ukucha. Muhuri ulisomeka 750, maana yake katika kila sehemu 1,000 za madini yale, 750 ni dhahabu. Hiyo ndiyo karati 18. Dhahabu ya namna hiyo ni laini. Kila ndoo iliyobebwa, kila mpini wa ufagio, kila kitasa cha mlango kiliondoka na chembe yake. Nilikaa jioni nzima nikiupapasa ule wembamba kwa dole gumba. Kilichopungua pale ilikuwa ni miaka ya mtu, na mtu huyo hakuwa ameifungia kabatini pete yake.

Imepita miaka 19. Vitu nilivyokusanya tangu siku ile si vingi. Vyote vinaenea kwenye sanduku moja lenye trei tatu. Wenye biashara hii hukihesabu kitu kuwa cha kale kikishatimiza miaka 100, na kisichofika hapo hukiita cha zamani tu. Kwa hesabu hiyo pete ya M na J bado haijafika, imekaribia. Mimi sikununua umri wake. Nilinunua ule wembamba wa chini na zile herufi, na kwa ujinga wangu nikaja kuviharibu vyote viwili ndani ya miezi mitatu.

Nilikuwa na harusi ya kuhudhuria, nikataka niivae. Nikaipeleka kwa sonara aipunguze. Pete hupunguzwa kwa kukatwa kipande cha mduara wake, kisha ncha mbili zinakutanishwa na kulehemiwa. Sonara alinipima kidole akaniuliza naitaka lini. Nikamwambia kabla ya Jumamosi. Sikumwambia kitu kingine. Nilipoirudia iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona, ikanikaa kana kwamba ilifuliwa kwa ajili yangu, nami nikafurahi na kumshukuru sana. Ni usiku, nilipoivua kunawa, ndipo nikaitazama ndani. M, kistari, kisha ufito mwembamba wa lehemu, kisha 6-1931. J na ile 14 hazikuwepo. Ulikuwa umeondoka mduara wa kama milimita 5, na kwa nje ua lilikuwa limesuguliwa hadi petali zake zimepoteza kingo.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua. Kipande kilikuwa kimeshayeyushwa na mabaki mengine. "Hukusema," aliniambia, na kwa kweli sikusema. Sehemu ya kukata ni upande wa nyuma wa pete, kila fundi hukata hapo. Angeweza kusogea pembeni kidogo kama angejua kuna kitu. Hakuona herufi za watu wawili. Aliona mikwaruzo iliyofifia ndani ya pete nzee, na aliisugua kwa sababu ndivyo wateja wake wanavyotaka, wapewe kitu king'aacho. Kusugua dhahabu kwa mashine ni kuipunguza. Nilikuwa nimelipa mtu aniondolee kile kile nilichokipenda.

Tangu siku hiyo hakuna kitu changu kinachokwenda kwa fundi kabla sijakipiga picha nje na ndani, na maandishi yake nimeyanakili kwenye karatasi kwa ukubwa wa kusomeka. Namwonyesha fundi kwa kidole: hapa usiguse, na usinisugulie. Baadhi yao huona kuwa nawasumbua. Waliobobea hupumua, kwa kuwa hao nao wamewahi kumwona mteja akilia.

Nililia, ndiyo. Nilikwenda kwa shangazi yangu nikamweleza huku machozi yakinitoka, nikitarajia aniambie ni pete tu. Shangazi alikuwa mwanamke mkavu wa maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ukiweza kulilia pete ya watu usiowajua, basi zangu nimeshajua nitamwachia nani." Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua lulu zake, akaniwekea mkononi nizishike. Zilikuwa na joto la mwili wake. Kama hujawahi kushika lulu zilizotoka shingoni mwa mtu muda huo huo, ni vigumu kukueleza. Zinaanza zikiwa baridi kuliko hewa, na zikishapata joto la ngozi zinakuwa kama zina damu.

Zilikuwa lulu za kufugwa, za namna ambayo Mjapani Kokichi Mikimoto alianza kufanikiwa kuipata mwaka 1893, chaza anapotiliwa kitu ndani naye akakizungushia tabaka baada ya tabaka ya ute wake unaong'aa. Shangazi alizivaa kila alipotoka nyumbani, hata akienda kununua mboga. Akinifundisha kuzitunza alikuwa mkali. Manukato kwanza, mafuta kwanza, nguo kwanza, lulu mwisho. Ukirudi, lulu ndizo za kwanza kuvuliwa, na unazipangusa kwa kitambaa laini kabla hujakaa. Jasho na manukato huila ngozi ya lulu, kwa kuwa lulu haina ugumu wa mawe mengine. Hata almasi ya pete nyingine ikilala nayo sanduku moja itaikwaruza.

Alipofariki, zililetwa kwangu zimefungwa kwenye pamba ndani ya mfuko wa plastiki. Niliziweka ndani kabisa ya droo, mahali pakavu, nikaziogopa kwa miaka minne. Nilijiambia nazihifadhi. Kila nilipofungua droo na kuuona ule mfuko niliufunga tena, kwa sababu nilijua nikizishika sitalikuta lile joto.

Siku nilipozitoa, uzi ulikatika mkononi mwangu bila kuvutwa. Lulu tatu zilikuwa na nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi. Lulu ina maji ndani yake, kidogo sana, na ukiifungia mahali pakavu mno kwa muda mrefu hukauka ikachanika. Hofu yangu ndiyo iliyokuwa imezidhuru, wakati yeye alizivaa sokoni na kwenye mvua zisipate ufa hata mmoja. Nilizipeleka zikatungwe upya kwa uzi wa hariri, kwa fundo baina ya kila lulu na mwenzake, kwamba uzi ukikatika idondoke moja tu, zisitawanyike zote sakafuni. Zile tatu nilikataa zibadilishwe. Ziko nyuma, karibu na kibanio.

Uzi wa zamani niliuomba, nikaurudisha nyumbani kwenye bahasha. Hariri hunywa harufu. Ulikuwa mweusi wa uchafu wa miaka na ulinukia manukato yake, yale yale ambayo alinikataza kuyapaka baada ya lulu. Kumbe naye alikuwa akikosea, au alikuwa na haraka siku nyingine. Kati ya vitu vyote nilivyo navyo, na vingine vina dhahabu, ule uzi ndio nitakaoukimbilia nyumba ikishika moto.

Nataka nieleze pia kuhusu shanga nyeusi, kwa sababu zilinibadilisha fikra kuhusu kitu halisi na kitu bandia. Mwaka 1861 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alifariki, na malkia akavaa nguo nyeusi mpaka kifo chake mwaka 1901. Taifa zima lilimfuata katika mavazi ya msiba. Vito vilivyokubalika kwa aliyefiwa vilikuwa vyeusi, na vilivyosifika zaidi vilichongwa kwa jeti ya Whitby, mji wa pwani ya kaskazini mashariki mwa Uingereza. Jeti ni mti wa kale uliozikwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi ukawa kitu mfano wa jiwe. Kwa kuwa asili yake ni mti, ni nyepesi, na ukiigusisha shavuni haina baridi.

Niliuziwa mtungo wa shanga nyeusi nikiambiwa ni jeti. Nyumbani nikausogeza shavuni, ukanichoma kwa baridi. Halafu ulikuwa mzito. Kilikuwa ni kioo cheusi. Nilikasirika, nikauzungushia karatasi ili niurudishe. Lakini jioni nikiwa nauangalia chini ya taa nikagundua kwamba kila shanga ilikuwa imechongwa pande zake kwa uangalifu, na kibanio kilikuwa kimetengenezwa mara mbili kwa waya tofauti. Mtu aliuvaa hadi kibanio kikavunjika, akakitengeneza, akauvaa tena hadi kikavunjika tena. Huyu ni mtu aliyefiwa ambaye hakuwa na uwezo wa jeti. Huzuni yake ilikuwa bandia? Sikuurudisha. Nauvaa kila mwaka siku aliyofariki shangazi, na ule uzito wake ninauona unafaa.

Na si kioo tu. Mwaka 1813, Prussia, dola ya Wajerumani wa wakati ule, ilipokuwa vitani na Napoleon wa Ufaransa, watu walihimizwa watoe dhahabu yao kugharimia vita, nao wakapewa vito vya chuma badala yake. Pete nyingi za chuma zimebaki hadi leo zikiwa na maneno ya Kijerumani yasemayo mvaaji alitoa dhahabu akapokea chuma. Kuvaa dhahabu wakati ule ilikuwa aibu. Sina pete ya namna hiyo, ila nimewahi kuishika moja kwa dakika chache: nyeusi, nyepesi, imechongwa kama kazi ya kushonea. Niliirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Sasa kuna swali ambalo nimelibeba tangu siku ya bakuli, nalo ni kama nina haki. Herufi za M na J hazikuandikwa ili nizisome mimi. Baadhi ya vito vya mapenzi vya zamani vilitengenezwa makusudi ili mgeni asielewe. Katika karne ya 18 wapenzi Uingereza walichorewa jicho tu, jicho moja la mpendwa, dogo la kuenea kwenye pete au kidani. Mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George wa Nne alimpelekea Maria Fitzherbert, mwanamke aliyempenda, picha ya jicho lake mwaka 1785. Jicho pekee hakuna anayeweza kulitambua isipokuwa aliyelizoea kwa karibu sana. Baadaye zikaja pete ambazo mawe yake husomwa kwa herufi za kwanza za majina yao ya Kiingereza. Yakuti nyekundu, zumaridi, garneti, amethisti, yakuti nyekundu tena na almasi, zikifuatana hivyo, huunda neno REGARD, yaani thamani mtu anayokupa moyoni. Anayepita njiani anaona rangi tu.

Swali hilo lilinibana zaidi nilipopata loketi, kidani cha kuhifadhia kumbukumbu ndani yake. Ni ya duara la yai, ndogo kama kifundo cha kidole, na ndani yake, chini ya kioo, kuna nywele. Nywele za kahawia zenye mvi mbili tatu, zimesukwa msuko mwembamba na kukunjwa kwa umbo la fundo. Hakuna jina wala tarehe. Nywele haziozi upesi kama nyama. Zinaweza kukaa mamia ya miaka zikiwa na rangi yake, na ndiyo maana watu wa karne ya 19 walizitumia kumbakiza mtu. Aliyeniuzia aliniambia kwa wema kabisa kwamba angeweza kuzitoa, akaisafisha, nikaweka picha nitakayo. Nilimwambia asiiguse.

Kisha nikashindwa kuivaa kwa karibu mwaka mzima. Rafiki yangu mmoja alipoiona mezani alirudi nyuma hatua moja. "Dada, hizo ni nywele za maiti," aliniambia. "Huogopi?" Nilimjibu kwamba siogopi, ila naona aibu, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenyeji. Akafikiri kidogo. Akaniuliza, "Sasa wewe ukiitupa, nani mwingine duniani anajua kuwa huyu mtu aliwahi kuwa na nywele?"

Hakuwa akinifariji, alikuwa anauliza tu. Lakini nilianza kuivaa wiki hiyo. Naivaa upande wa kioo ukiwa umenielekea kifuani, watu waone mgongo wake tu wenye maua. Nadhani ndivyo alivyoivaa wa kwanza, kwa sababu mgongo ndio uliosuguka na kioo hakina mkwaruzo.

Sikusanyi kila kitu. Pembe za ndovu na gamba la kasa sinunui hata kikiwa na miaka 200 na uchongaji wa kutoa machozi. CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika mwaka 1989, na vya kale kabisa vina masharti yake katika nchi mbalimbali, lakini kwangu mimi sababu si sheria. Vito vinanivuta kwa sababu vinamkumbuka aliyevivaa. Bangili ya pembe inamkumbuka mwingine kwanza, na sijui ningemjibu nini.

Kuna furaha nyepesi pia, nisije nikaonekana naishi na marehemu muda wote. Kusoma mihuri kwa kioo cha kukuzia mara 10 ni furaha. Nina bizimu la fedha la kubana kifuani, umbo la jani, na nyuma yake kuna vimuhuri vinne vidogo kuliko mbegu za ufuta: simba anayetembea, ambaye kwa Waingereza ni ushahidi wa fedha ya 925; nanga, ambayo ni alama ya Birmingham tangu mwaka 1773 ingawa mji huo hauna bahari; herufi ya mwaka; na herufi za fundi. Usiku nilipofanikiwa kuilinganisha ile herufi na jedwali la miaka nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Furaha nyingine niliipata umeme ulipokatika. Nina hereni zenye almasi mbili ndogo za mkato wa zamani. Kabla ya mashine za umeme almasi zilikatwa kwa mkono na kwa jicho, fundi akifuata umbo la jiwe lenyewe ili asilipoteze, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Na ukizitazama juu unaona katikati kiduara kidogo, pale ncha ya chini ilipokatwa. Vipimo vya almasi ya kisasa ya mviringo vilielezwa na Marcel Tolkowsky mwaka 1919, na baada yake almasi zikawa za kumetameta kwa vimulimuli vyeupe vingi. Zangu chini ya taa ya ofisini hupooza, na nilikuwa nimeanza kuona nimekosea kuzinunua. Umeme ulipokatika nikawasha mshumaa, nikapita mbele ya kioo cha bafuni, nikasimama. Kila nilipopumua zilitupa mwako mpana wa rangi, mwekundu, halafu kijani, taratibu, kama kaa linalopulizwa. Zilikatwa kwa ajili ya mwanga ule. Nilikaa na mshumaa hadi ulipoisha.

Na nimeharibu tena, baada ya pete. Ilikuwa bizimu la mawe ya kioo, ya ufundi uliopata sifa Paris katika karne ya 18 kwa mkono wa Georges Frédéric Strass. Mawe hayo yamefungiwa kwa nyuma na chini yake kuna karatasi nyembamba ya madini inayorudisha mwanga. Nililiona lina vumbi, nikalitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kufikia asubuhi mawe matatu yalikuwa na ukungu wa kijivu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Maji yakishaingia nyuma ya jiwe hayarudishiki. Kito kilichozibwa mgongoni hakiingii majini, basi. Kinapanguswa kwa kitambaa kikavu, na vumbi lililobaki linaachwa.

Mwaka huu vidole vyangu vimenenepa na pete ya M na J ikaanza kunibana hadi naivua kwa sabuni. Nilichelewa miezi kadhaa kuipeleka. Mwishowe nilimpata sonara mwingine, mwanamke wa rika langu, nikamwekea mezani pete, picha na karatasi yangu. Aliisoma karatasi yote bila kuniharakisha. Akaiweka pete chini ya kioo chake, akasema, "Mshono wa zamani huu hapa, dada. Nitafungua papo hapo, sigusi kilichobaki."

Aliniruhusu nikae kando yake. Aliukata ule ufito wa lehemu, akazisukuma ncha mbili zikaachana, na ndani ya nafasi ile akaingiza kipande cha dhahabu ya karati 18, milimita 5 pungufu kidogo. Alikilehemu, akakipiga tupa, akakilainisha kwa mkono. Dhahabu mpya ilikuwa nyekundu kuliko ya zamani kwa kiasi cha kuonekana. Akanipa kioo nitazame. M, kistari, uwanja mtupu, halafu 6-1931.

Mkononi alikuwa ameshashika patasi yake ndogo ya kuandikia. "Pameingia sawasawa," alisema. "Hapa palikuwa na nini? Nikurudishie?"

Nikamwambia, J na kumi na nne. Nilikuwa karibu niseme ndiyo. Nikamwomba kalamu nimchoree ile J jinsi ilivyokuwa, maana ilikuwa na mkia ulioteremka chini ya mstari na kupinda kushoto, na 4 ilikuwa wazi kichwani. Nikachora. Haikuwa yenyewe. Nikachora mara ya pili, na ya tatu, huku yeye akisubiri. Nilikuwa nikichora J yangu.

"Acha hivyo," nikamwambia.

Aliirudisha patasi mahali pake, akaipangusa pete kwa kitambaa, hakuisugua, akanipa. Ilikuwa bado na joto la moto nilipoivaa.